Kibofu kikishafungwa, nani atamfuata mtoto?

Kijana niliyeketi naye ndani ya matatu ya kutoka Nyeri kwenda Nairobi aliniambia kwamba anavijua vyoo vyote vya barabara ile. Karatina kuna kimoja cha kulipia karibu na soko. Sagana huomba katika hoteli ya samaki, na hununua chai hata kama hana hamu nayo, ili asionekane mtu aliyekuja kutumia choo tu. Makutano pako wazi mno, watu ni wengi. Kenol ni afadhali. Kutoka hapo hadi jijini hujikaza na kuomba Mungu pasiwe na msongamano wa magari.

Ana umri wa miaka 22 na anasomea ufundi wa umeme. Alizaliwa kibofu chake cha mkojo kikiwa nje ya tumbo, akapasuliwa akiwa na miezi 4 na tena akiwa na miaka 5, na kwa hesabu za hospitali yeye ni mgonjwa aliyepona. Jeraha lilifunga. Tumbo limefunikwa. Kadi yake ya kliniki, ambayo mamake ameihifadhi ndani ya Biblia, ina mwandiko wa mwisho wa alipokuwa na miaka 6: arudi baada ya miezi 3. Hakurudi. Muhula huo nauli ilikosekana, kisha daktari akahamishwa, kisha jambo lenyewe likasahauliwa na kila mtu isipokuwa yeye, ambaye hadi leo huvaa kitambaa ndani ya suruali na hubeba kingine ndani ya mkoba wa vitabu.

Msomaji wa ukurasa huu huenda hajawahi kusikia habari za maradhi haya, na si kosa lake. Madaktari huyaita eksitrofi ya kibofu. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mamake, katika wiki za mwanzo kabisa, ukuta wa chini wa tumbo hushindwa kukutana katikati. Kibofu, ambacho kingekuwa mfuko uliofungwa, hubaki wazi kama kitabu kilichofunuliwa, utando wake mwekundu wa ndani ukitazama nje chini ya kitovu. Mkojo hudondoka mfululizo kutoka katika mirija miwili inayoushusha kutoka kwenye figo. Mifupa ya mbele ya nyonga nayo hubaki imeachana. Mvulana huwa na uume mfupi uliopasuka upande wa juu. Msichana huwa na kinembe kilichogawanyika mara mbili, na uke uliosogea mbele. Aghalabu figo zenyewe huwa nzima, na akili ya mtoto haina kasoro yoyote.

Wataalamu hukadiria kwamba huzaliwa mtoto mmoja wa namna hii kati ya watoto 30,000 hadi 50,000, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Chanzo hakijulikani kwa ukamilifu. Kinachojulikana ni kwamba si chakula alichokula mama, si kazi aliyofanya shambani, wala si ile thahu ambayo wazee wa huku kwetu wangeanza kuitafuta katika ukoo wa bibi arusi. Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimeona ndoa ikivunjika kwa ajili ya mtoto wa aina hii, na aliyefukuzwa hakuwa baba.

Kabla sijafika kwenye hoja yangu, nina neno kwa wakunga na wauguzi wa zahanati zetu, kuanzia Othaya hadi Kieni, kwa maana saa za kwanza zina uzito. Kitovu cha mtoto huyu kifungwe kwa uzi, kisibanwe kwa kibanio cha plastiki, kwa kuwa kibanio hukwaruza utando wa kibofu. Kibofu kisuuzwe kwa maji safi ya chumvi ya hospitali na kufunikwa kwa karatasi laini ya nailoni, ile inayoangaza na isiyoshika. Kisifunikwe kwa pamba wala kwa shashi, iwe kavu au iliyopakwa mafuta, maana hugandamana na utando na kuuchubua kila ibadilishwapo. Mtoto anyonye kama kawaida. Kisha apelekwe haraka mahali penye daktari wa upasuaji wa watoto. Mtoto anayefungwa kibofu katika siku 3 za kwanza ana mifupa iliyo laini bado, na mara nyingi nyonga huweza kuvutwa zikakutana bila kukatwa. Akichelewa, mifupa hukatwa ili isogezwe, na mtoto hulala wiki kadhaa miguu ikiwa imefungwa au kuning'inizwa kwa uzani. Kuchelewa hakumnyimi mtoto matibabu. Wapo wanaofungwa wakiwa na miaka kadhaa. Lakini kazi huwa kubwa zaidi.

Watu wengi hudhani kazi hiyo ni moja. Sivyo. Kwa mtindo uliozoeleka, kwanza hufungwa kibofu na tumbo. Baadaye, mtoto akiwa na miezi 6 hadi mwaka mmoja hivi, hutengenezwa uume na njia ya mkojo. Hatua ya tatu huwa akiwa na miaka 4 au 5, au zaidi, ambapo shingo ya kibofu hukazwa ili aweze kuzuia mkojo. Hatua hii ya mwisho husubiri mambo mawili: kibofu kiwe kimekua kiasi cha kuhifadhi mkojo wa kutosha, na mtoto mwenyewe awe na akili ya kutaka kuwa mkavu. Wapo madaktari wanaounganisha hatua hizi kuwa moja au mbili. Ubishi wao ni mrefu na sitauingilia, ila wote wanakubaliana katika jambo moja, kwamba ufungaji wa kwanza ukifaulu mtoto ana nafasi nzuri zaidi, na kila unaporudiwa nafasi hiyo hupungua.

Sasa hoja yangu. Neno "kufaulu" linatumika vibaya katika habari hizi. Daktari akitoa nyuzi na kuona kidonda kimekauka husema amefaulu, na kwa kazi yake ya siku hiyo ni kweli. Lakini mtoto hakuzaliwa ili awe kidonda kilichokauka. Atakwenda shule, atalala katika bweni pamoja na wengine 60, atapanda matatu, atapenda, ataoa au ataolewa, atataka watoto. Maswali ya maisha yake huanza pale faili lake linapofungwa, na huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kenya sijaona mahali ambapo maswali hayo yana meza na kiti na mtu wa kuyasikiliza.

Chukua suala la mkojo wenyewe. Hata katika hospitali kubwa za Marekani na Ulaya, ambako madaktari hawa hufanya kazi hii kila mara, si kila mtoto huishia kukojoa mwenyewe na kubaki mkavu. Matokeo hutofautiana mno kutoka hospitali moja hadi nyingine, na wengi huhitaji upasuaji zaidi. Kibofu kikiwa kidogo mno huongezewa kipande cha utumbo. Kikishaongezewa, mara nyingi hakiwezi tena kujikamua, kwa hivyo mwenyewe huingiza mpira mwembamba kila baada ya saa chache ili autoe mkojo. Njia hiyo ya mpira ilienezwa na Jack Lapides wa Michigan, Marekani, mwaka 1972. Jambo kubwa aliloonyesha ni kwamba si lazima mpira uchemshwe na kuwa bila kijidudu hata kimoja. Usafi wa kawaida, mikono iliyooshwa kwa sabuni na mpira uliosuuzwa, unatosha. Mwaka 1980 Mfaransa Paul Mitrofanoff aliandika jinsi ya kutumia kidole-tumbo kutengeneza kijia kutoka kwenye kibofu hadi kwenye ngozi ya tumbo, ili mpira upitie hapo. Kwa mtoto ambaye sehemu zake za siri zimepasuliwa mara nne, kupitishia mpira kitovuni ni nafuu isiyo na kifani.

Haya yote yanawezekana Kenya. Huko Kijabe, kwa mfano, BethanyKids wamekuwa wakiwafunza kwa miaka mingi watoto wenye mgongo wazi na mama zao kutumia mpira wa namna hii, na mama ambaye hakumaliza shule ya msingi huondoka akiujua vizuri kuliko daktari mwanafunzi. Kwa hivyo wasituambie kwamba watu wa vijijini hawawezi. Wanaweza. Shida ni baada ya kurudi nyumbani. Mipira huisha. Mvua ikikosekana Kieni, maji ya kunawa mikono mara 5 kwa siku hushindana na maji ya kupikia. Kibofu chenye kipande cha utumbo hutoa ute kama wa kamasi, na ute huo usiposafishwa kwa kupitishwa maji hugeuka kuwa mawe. Mkojo ukikaa, viini hupanda hadi kwenye figo. Figo huharibika kimyakimya, bila maumivu, na mtu huja kutambua akiwa na miaka 25 amevimba uso, wakati ambapo picha moja ya ultrasaundi na kipimo kimoja cha damu kwa mwaka vingemwonya mapema.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Watoto waliopasuliwa mara nyingi tangu uchanga wanaweza kuja kudhuriwa na mpira wa asili, ule wa glavu na baluni. Mwili huuchukia. Wengine huwashwa tu, wengine hushindwa kupumua mezani wakati wa upasuaji. Mzazi wa mtoto huyu aseme hivyo kila aendapo hospitalini, hata kwa daktari wa meno.

Lipo swali ambalo limenisumbua kwa miaka na ambalo nimebadili maoni yangu juu yake. Je, mtoto wa mbali na hospitali ahangaikiwe kwa upasuaji wa hatua tatu na mipira ya maisha, au mkojo wake uelekezwe tu kwenye utumbo mpana ili autoe kwa njia ya haja kubwa? Jambo hili si geni. John Simon alilijaribu jijini London mwaka 1851 kwa mtoto mwenye maradhi haya haya. Mgonjwa aliishi kwa muda kisha akafa. Baadaye njia hiyo iliboreshwa ikatumika kote duniani kwa karne nzima, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Mainz, Ujerumani, waliitengeneza upya kwa kuupasua utumbo na kuukunja uwe mfuko, ili msukumo upungue na mkojo usirudi kwenye figo. Mtoto mwenye misuli imara ya njia ya haja kubwa huwa mkavu. Hahitaji mpira, hahitaji mfuko wa plastiki tumboni, hahitaji choo cha kukalia. Huchuchumaa kama wenzake.

Zamani niliona jambo hili kuwa matibabu ya daraja la pili, ya kuwatupia maskini. Sikuwa nimekaa na mama anayefua nguo za mkojo za mvulana wa miaka 11 kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai. Kwa mtoto wake kuwa mkavu darasani ni elimu yote. Leo nasema daktari anayempa njia hiyo hamdharau, mradi amweleze ukweli wote.

Na ukweli wote una upande wa pili. Utumbo hunyonya tena sehemu ya mkojo, damu huwa na asidi, na mtoto asipopewa dawa ya baikaboneti huchoka, hukosa hamu ya kula, mifupa yake hudhoofika na kimo hukwama. Tena mkojo na kinyesi vikikutana mahali pamoja kwa miaka mingi, saratani ya utumbo huweza kuzuka pale mirija ilipounganishwa, mara nyingi baada ya miaka 20 au zaidi, kwa kiwango kinachozidi mara nyingi kile cha watu wengine. Ndiyo maana wataalamu husema aliyefanyiwa hivi achunguliwe utumbo kwa kamera kila mwaka, kuanzia kama mwaka wa 10 baada ya upasuaji. Sasa niambie, msomaji: mtoto aliyepasuliwa akiwa na miaka 6, akaambiwa "umepona, nenda", ni nani atakayemtafuta akiwa na miaka 16 na tena akiwa na miaka 30 ili amwambie aje achunguliwe? Njia hii inayoonekana rahisi ndiyo inayodai ufuatiliaji mrefu zaidi. Kumpa mtoto bila ya kumfuata ni kumkopesha ukavu kwa riba ambayo hakuonyeshwa.

Niyaache ya mkojo. Katika sehemu hizi za Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru, mvulana hufikia siku ya kwenda jandoni. Siku hizi wengi hupelekwa hospitalini mwezi wa Desemba, lakini maana yake haijapungua: ndipo anapopata rika, mtiri wa kumwongoza na haki ya kuitwa mwanamume. Mvulana aliyezaliwa na eksitrofi anaanza kuiogopa Desemba hiyo akiwa na miaka 8. Mara nyingi ngozi yake ya mbele ilikwisha kutumiwa na daktari kutengeneza uume, na hana cha kutahiriwa. Au haijatumiwa, na mzazi asiyejua anamtahirisha mapema, na kumbe ngozi ile ndiyo daktari alikuwa akiitegemea kwa hatua ijayo. Wazazi, mtoto huyu asitahiriwe na mtu yeyote bila idhini ya daktari wake wa upasuaji.

Na kuhusu sherehe yenyewe, nimesikia njia nzuri iliyotumiwa na familia moja kando ya Karatina. Hatua ya pili ya upasuaji wa mtoto ilipangwa mwezi wa Desemba alipokuwa na umri wa wenzake. Alitoka hospitalini akiwa na bendeji kama wao, akakaa ndani kama wao, akaletewa chakula kama wao, na mjomba wake akawa mtiri. Hakuna aliyedanganywa; alikuwa amepita chini ya kisu kuliko wote. Daktari aliyekubali kupanga tarehe hiyo alielewa jambo ambalo halimo katika vitabu vya upasuaji. Bila shaka haiwezekani kwa kila mtoto, kwa kuwa hatua nyingine hazifai kungoja. Lakini kuuliza "atatahiriwa lini, na wenzake watajua nini?" hakugharimu shilingi moja.

Baada ya jando huja mapenzi. Hapa vijana hawa hufungiwa mlango kabisa, kwa sababu kliniki za watoto huwaaga mapema na za watu wazima haziwajui. Yafaa waelezwe. Mvulana kwa kawaida huwa na nguvu za kiume. Uume wake ni mfupi kwa sababu mizizi yake imeshikamana na mifupa ya nyonga iliyoachana, si kwa sababu yeye ni nusu mwanamume. Mbegu zaweza kuwa chache au njia yake kuziba baada ya upasuaji mwingi, lakini wapo waliozaa wenyewe na wapo waliopata watoto kwa msaada wa maabara. Msichana hupata hedhi na aghalabu uwezo wake wa kushika mimba ni mzuri. Mlango wa uke waweza kuwa mwembamba na kuhitaji upasuaji mdogo kabla ya kuolewa, na ni heri aambiwe hivyo na daktari wa kike akiwa na miaka 17 kuliko kugundua usiku wa arusi. Kizazi chake huelekea kushuka, hasa baada ya kuzaa, kwa kuwa mifupa ya mbele haikushikana. Akipata mimba ahudhurie kliniki mahali penye daktari, na wengi hushauriwa kujifungua kwa upasuaji ili kazi ya zamani isiharibiwe. Wakiuliza kama mtoto wao atazaliwa hivyo, waambiwe: hesabu iliyotolewa na watafiti mwaka 1984 ilikuwa karibu 1 kati ya 70. Ni zaidi sana ya watu wengine, lakini 69 kati ya hao 70 hawana.

Uchunguzi uliofanywa Ulaya na Marekani kwa waliokwisha kuwa watu wazima unatia moyo kuliko wengi wanavyotarajia. Wengi wao wamesoma, wanafanya kazi, wana wenzi. Wanapoulizwa kinachowasumbua, hawataji kovu kwanza. Hutaja kuvuja mkojo, na hofu ya kuvuliwa nguo mbele ya mwingine. Ila watu hao walikua mahali penye maji ya mfereji chumbani na muuguzi wa kumpigia simu. Hatuwezi kuyachukua matokeo yao tukayapachika kwa mtoto wa Mweiga.

Kosa moja la nchi hizo tulijue ili tusilirudie. Kuna aina kali zaidi ya maradhi haya, ambayo matumbo nayo hutoka nje pamoja na kibofu. Kwa miaka mingi madaktari wa Magharibi, wakiona uume hautengenezeki, waliwageuza wavulana wa namna hiyo kuwa wasichana wakiwa wachanga. Mwaka 2004 madaktari William Reiner na John Gearhart wa Marekani walichapisha habari za watoto 14 waliogeuzwa hivyo: 8 kati yao walikuwa wamejitangaza wenyewe kuwa wanaume. Huku kwetu hatari huja kwa njia nyingine. Mkunga hutazama sehemu zilizopasuka, hashiki la kusema, na neno "huntha" huzagaa kijijini kabla mama hajatoka wodini. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawatambua na kuwalinda watoto wenye jinsia mbili, na ni sheria njema. Lakini mtoto wa eksitrofi ya kawaida si mmoja wao. Ni mvulana au ni msichana, na daktari anayejua huweza kusema ni yupi. Mama aambiwe siku hiyo hiyo, ili mtoto apewe jina la babu au la nyanya bila ya ukoo kunong'ona.

Nimesikia wakubwa wakisema kwamba maradhi haya ni nadra, na kaunti zina malaria, zina kisukari, zina akina mama wanaokufa wakizaa. Ni kweli. Basi na tuhesabu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Nyeri ilikuwa na watu 759,164. Ongeza Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi, Meru na Laikipia, unapata kama milioni 4.4. Ukikisia watoto laki moja hivi wanaozaliwa humo kwa mwaka, maradhi haya yatampata mtoto mmoja kila baada ya miezi minne hadi sita. Katika miaka 20 hawazidi 70. Huo si mzigo wa kuangusha serikali sita za kaunti. Majina yao yote yanaenea katika daftari moja la kurasa 96, lile la kununua dukani.

Ninachotaka ni daftari hilo, na muuguzi mmoja wa kulitunza. Liwekwe katika hospitali ya rufaa ya Nyeri, au Embu, au Meru, mimi sina ubishi wa mahali. Kila mtoto wa maradhi haya, popote alipopasuliwa, Kenyatta au Kijabe au kwingineko, aandikwe humo na nambari ya simu ya mama na ya jirani. Mara moja kwa mwaka aitwe: apimwe figo, damu na shinikizo, apewe mipira, aulizwe habari za shule. Walioelekezewa mkojo kwenye utumbo watiwe alama nyekundu na mwaka wa kuanza kuchunguliwa kwa kamera. Daktari bingwa afike kutoka Nairobi mara mbili kwa mwaka, badala ya familia 70 kumfuata yeye. Na vyuo vyetu vya wauguzi, Mathari, Tumutumu, Chogoria na kile cha serikali mjini Nyeri, viwafundishe wanafunzi habari ya uzi na karatasi ya nailoni. Ni somo la nusu saa.

Kuhusu fedha, bima ya afya ilibadilishwa mwezi wa Oktoba 2024 kutoka NHIF hadi SHA, na mabishano juu yake yanaendelea kila siku magazetini. Mimi naongeza moja tu. Malipo hufikiriwa kwa kitanda na kwa kisu. Mtoto huyu akiwa na kibali cha kulazwa, bado nepi za umri wa miaka 9, sabuni, mipira na nauli ya kwenda na kurudi hutoka katika mfuko wa aproni ya mama. Hapo ndipo safari za kliniki hukatika.

Na kambi za upasuaji za wiki moja, zile za wageni wanaokuja na masanduku na kupiga picha? Sizikatai. Zimefunga matumbo ambayo yangebaki wazi. Lakini yeyote anayekuja kupasua eksitrofi aulizwe kwanza, kabla ya kupewa chumba: hatua inayofuata itafanywa na nani, na mwaka gani? Asipokuwa na jibu, afunge ngiri, ambazo watoto hawa nao huwa nazo kwa wingi, na kibofu amwachie atakayebaki.

Tulipofika Kenol dereva alitaka kupita bila kusimama. Kijana alisita kumwambia, nami nikapaza sauti kwamba mzee anataka kushuka. Tulishuka sote wawili. Aliporudi, tukiwa tumesimama tukingoja wenzetu wanunue ndizi, aliniuliza kama kadi ile ya Biblia bado inafaa kitu, au kama atalazimika kununua mpya na kuanza upya, na ataje maradhi gani dirishani huku watu wamepanga foleni nyuma yake.